Punje Moja ya Ufuta

Tofu ilikuwa imetoweka. Hatsuyo aliikoroga supu yake ya asubuhi mara tatu, akachungulia mpaka chini ya bakuli, akaona mwani na majani ya kitunguu, basi, bila hata kipande kimoja cheupe cha soya iliyogandishwa.

"Kanae, ile tofu uliyonunua jana iko wapi?"

Mkaza mwana wake hakugeuka. Alikuwa anaosha stroberi kwenye sinki, moja moja, kama anaogesha vifaranga. "Ilichacha, Mama. Nimeitupa."

Hatsuyo akanywa supu yake. Tofu ya jana, ndani ya friji, mwezi wa tatu na baridi bado inang'ata vidole, ikachacha? Mtu aliyekula tofu miaka sabini na sita anajua inachacha lini. Ukisema mapema, unamwamsha aliyejificha.

Na hiyo ilikuwa dalili ya pili. Ya kwanza aliisikia Alhamisi, akiwa nyuma ya mlango wa karatasi, soksi zake hazitoi hata mchakacho. Kanae alikuwa ukumbini na simu, sauti ameishusha. "Njoo Jumapili, wifi. Uje umwone kwa macho yako akila. Ndiyo, daifuku. Nazitengeneza mwenyewe. Hapana, hajui kitu."

Hajui kitu! Hatsuyo aliziba mdomo kwa mkono, akarudi chumbani kinyumenyume.

Lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalimchoma. Mwaka Mpya uliopita, Hatsuyo alikuwa peke yake jikoni, akaonja kipande cha keki ya mchele inayonata kutoka kwenye sufuria ya supu. Kikamkaba. Hakikupanda, hakikushuka. Alijipiga kifua, akainamia sinki, pembe za macho zikaanza kuingia giza, ndipo kikatoka. Akanawa uso, akaosha sinki, akarudi sebuleni kucheka na wenzake. Hakumwambia mtu.

Angemwambiaje mtu, wakati bintiye Ritsuko, anayekaa Utsunomiya, alishaleta karatasi za nyumba ya wazee mara mbili? Karatasi zenye picha za vibibi wakicheka huku wanakunja makaratasi ya rangi. "Mama," Ritsuko alisema wazi, "siku nikisikia umeanguka au umepaliwa, siulizi mtu. Nakuja na gari." Na Masanori, kaka yake Ritsuko na mume wa Kanae, ni dereva wa lori. Akiwa nyumbani analala, akiamka anamwitikia dada yake ndiyo.

Sasa, mji wote wa Kanuma unaijua daifuku ya Hatsuyo, stroberi iliyofungwa ndani ya donge la mchele ule ule unaonata. Miaka arobaini, kila msimu wa stroberi, nusu ya mtaa ilikula kwenye trei yake. Akikataa daifuku mbele ya Ritsuko, amejitangaza mgonjwa. Akiila ikamkaba mbele ya Ritsuko, gari liko mlangoni. Hilo ndilo Kanae alilomwalika wifi yake aje kulitazama.

"Mama, nenda kapumzike," Kanae alisema. "Kipindi chako kinaanza."

"Siku hizi nimechoka kupumzika," Hatsuyo akajibu, akavuta kiti. "Lete nikukatie vikonyo."

Kanae alisita kidogo. Hatsuyo akaliona hilo pia.

Wakafanya kazi. Kila stroberi ilivikwa koti la maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari, ncha ikaachwa nje. Unga wa mchele unaonata ukachanganywa na sukari na maji, ukaingia kwenye maikrowevu, ukatoka, ukakorogwa, ukarudi tena, mpaka ukaacha weupe wa maziwa na kung'aa kama ukucha. Kanae akaumimina juu ya wanga wa viazi na kuanza kuukata vipande.

"Mkono mtupu huo!" Hatsuyo akamkemea. "Paka wanga. Donge hilo likikushika ni kama mgeni asiyetaka kuondoka."

"Nimepaka, Mama."

"Umepaka kama unayeogopa kuchafua nguo ya harusi. Paka!"

Kanae akacheka, akapaka. Mtu anayecheka hivyo, Hatsuyo aliwaza, ana moyo mweupe, au ana moyo mweusi uliozoea. Miaka minane wamekaa nyumba moja. Kila baridi Kanae humkata kucha za miguu, magoti chini, bila kununa. Lakini pia mwaka jana alisema, mara moja tu, kwamba chumba cha mbele kina mwanga mzuri wa kushonea. Chumba cha mbele ni cha Hatsuyo.

Karibu na sufuria ya wali kulikuwa na bakuli dogo limefunikwa kitambaa.

"Na hilo?"

"Unga uliobaki, Mama." Haraka mno. Kisha Kanae akachukua daifuku ya kwanza, akaiweka kwenye kisahani, akampa kwa mikono miwili. "Mpelekee Baba."

Ya kwanza ni ya marehemu, hilo halina mjadala. Hatsuyo akaipeleka chumba cha nyuma, akaiweka kwenye kabati dogo mbele ya picha ya mumewe, akawasha ubani, akagonga kengele. Alikuwa ameunganisha viganja, macho yamefumbwa, ndipo akasikia maikrowevu inalia jikoni. Tena! Donge si limeshaiva?

"Mume wangu," akanong'ona, "mkeo anapikiwa kitu."

Aliporudi, trei ilikuwa imejaa: daifuku tano, nyeupe, zimepakwa wanga, zinafanana kama mayai. Isipokuwa moja, ya pembeni. Juu yake palikuwa na punje moja nyeusi ya ufuta.

"Huo ufuta?"

"Umedondoka tu, Mama."

Umedondoka. Mbona hautoi? Kitu kikidondoka kwenye chakula, mtu hukitoa. Kikiachwa, hiyo ni alama.

Hapo Hatsuyo akaona mambo yote kwa mpigo. Donge la pili, lililofichwa chini ya kitambaa. Limepikwa nyuma ya mgongo wake, bila shaka limekazwa linate kama gundi. Limetiwa alama ili lisipotee. Atapewa yeye, atapaliwa mbele ya Ritsuko, na jioni chumba cha mbele kitakuwa na cherehani. Kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu wake alikuwa nguoni na aproni juu.

Kengele ya mlango ikalia. "Huyo wifi!" Kanae akasema, akakimbia huku anafuta mikono.

Hatsuyo hakungoja. Akalamba ncha ya kidole, akaidokoa ile punje taratibu asiache alama, akaihamishia kwenye daifuku ya upande wa pili. Akapuliza wanga kidogo pale ilipotoka. Yeye atachukua ya kawaida. Ataimega vipande vidogo kama vya ndege, kila kipande atakitafuna mara arobaini, atamaliza salama. Na ile ya mtego, Mungu akipenda, itamwangukia aliyeitega. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ritsuko aliingia na baridi yake na mkoba wake mkubwa. Hatsuyo aliujua mkoba ule. Ndio unaobeba karatasi.

"Mama, umekonda."

"Nimekonda tangu hujazaliwa. Kaa."

Wakakaa wote watatu kwenye meza fupi yenye kipasha joto chini yake, miguu ndani ya blanketi. Kanae akamimina chai. Akageuza trei, akamwekea mgeni kwanza, kutoka upande ulio karibu naye. Kisha akatafuta kwa macho, akaiona punje, akaiweka ile daifuku mbele ya Hatsuyo kwa uangalifu kama anayeweka yai. Akajichukulia moja.

Hatsuyo akaangalia. Ile ya mtego imekwenda kwa Ritsuko. Kwa Ritsuko, binti yake wa kumzaa! Akafungua mdomo aseme, asijue aseme nini, na Ritsuko akauma.

Hakupaliwa. Alitafuna mara mbili, akameza, akakunja uso.

"Wifi, hii ni nini? Haivutiki hata kidogo. Inakatika kama uji uliolala."

Kanae akageuka mweupe kuliko wanga. Aliitazama daifuku ya Ritsuko, akaitazama ya Hatsuyo, ambayo kwa mshtuko alikuwa ameshaipeleka mdomoni, meno yameigusa, imeanza kuvutika.

"Mama, usile!"

Kila mtu akaganda pale alipokaa.

"Kwa nini?" Ritsuko akauliza.

"Nimeona..." Kanae alizungusha macho mezani. "Nimeona unywele. Kwenye ya Mama."

"Unywele!" Ritsuko akacheka kwa pua. "Haya. Uji uliolala, na unywele juu. Kaka yangu anakula nini humu ndani, wifi? Si ajabu anapenda barabarani."

Kanae akainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia mkeka. "Nisamehe, wifi. Ni uzembe wangu."

Hatsuyo akaishusha daifuku yake, akaigeuza. Hakukuwa na unywele. Kanae akipika hufunga kichwa kitambaa mpaka masikioni. Kwa miaka minane haujaonekana hata mmoja. Kisha akatazama ile ya Ritsuko pale ilipoumwa. Gamba lake lilikatika safi, laini, bila uzi hata mmoja, na ndani lina weupe uliofifia. Aliujua weupe ule. Yeye mwenyewe, zamani, aliukanda unga wa mchele kwa tofu badala ya maji, miaka miwili mfululizo, kwa ajili ya mavyaa yake ambaye koo lake lilikuwa limechoka. Donge la tofu halinati. Hupita kooni lenyewe.

Aibu ilimpanda Hatsuyo kutoka shingoni mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza. Unywele ule ulikuwa umemfungulia mlango wa kutokea: asile, asiulizwe, na sifa ya uchafu ya Kanae ifike mpaka Utsunomiya.

"Hakuna unywele," akasema. "Ritsuko, rudisha hiyo. Ni yangu."

"Nimeshaiuma, Mama."

"Nilikula mabaki yako tangu hujaota meno. Lete."

Akaivuta sahani, akachukua kijiko. "Mwaka Mpya nilipaliwa. Jikoni, peke yangu. Sikusema, kwa sababu ya huo mkoba wako. Hii imekandwa kwa tofu, ndiyo maana naweza kuila. Leo nilidhani naandaliwa mtego, nikahamisha alama. Uzembe ni wangu, si wa wifi yako."

Ritsuko alimgeukia Kanae polepole. "Na wewe ulijua?"

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango wa kioo wa jikoni," Kanae akasema, bado ameinama. "Nilishika kitasa, nikaanza kuhesabu. Nikasema nikifika kumi naingia. Kilitoka kwenye nane. Mama hakusema kitu, nikaona akitaka nijue, ataniambia. Nilikualika uone kwamba anakula, uache kuleta karatasi."

"Kwa hiyo mmenidanganya wote wawili."

"Ndiyo, wifi."

Hatsuyo alikuwa anakula. Kijiko kimoja, kimya, anameza. Kijiko cha pili. Ritsuko alimtazama koo kama mtu anayetazama lifti inayoshuka.

"Na siku Kanae hayupo?"

"Siku hiyo sili keki ya mchele. Nimeshalitamka jambo hili mbele yenu, nitajificha wapi tena? Siku nikishindwa kukaa hapa, nitasema mwenyewe, kama nilivyosema leo. Kabla ya hapo siendi kukunja makaratasi na mtu."

Mkono wa Ritsuko ulikuwa juu ya zipu ya mkoba. Mwishowe akautoa, akashika kikombe. "Mwezi ujao nakuja tena kuangalia."

"Njoo. Ila uje na stroberi, za hapa zinauzwa kama dhahabu."

"Mama!" Lakini alikuwa anacheka.

Gari lake lilipoondoka, wawili hao walisimama kwenye sinki, mmoja anaosha, mwingine anafuta. Hatsuyo alifuta sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Kupitia kioo hicho," akasema, "umeona nini kingine?"

"Mengi, Mama."

"Mengi yapi?"

Kanae akasuuza kikombe.

"Kesho nakitundikia pazia," Hatsuyo akasema.

"Tundika, Mama. Ila liwe jepesi, linaloonyesha ndani."