Anakula Mboga Tu

Magimbi yalikuwa chini ya makaa, viazi vitamu juu ya wavu, karoti pembeni zisije zikaungua. Sekela alichuchumaa uani kwa Mama Gibson, Mbezi Beach, akigeuza kimoja kimoja kwa vidole, maana vidole vyake vilishazoea moto. Miaka minne alikuwa akiwapikia madereva wa malori Kurasini. Leo alikuwa anajaribiwa. Akifaulu, jiko la nyumba hii ni lake, pamoja na chumba cha uani, na binti yake Tusajigwe atatoka kwa bibi yake Tukuyu aje alale ubavuni pa mama yake.

Asubuhi Mama Gibson, simu sikioni, alimwachia agizo moja: "Mgeni wangu anakula mboga tu. Usiniaibishe."

Sekela alilielewa vizuri. Kule Kurasini, ambako hata nyama huitwa mboga, dereva aliyechoka ugali husema vilevile: mama, mie leo nipe mboga tu. Basi mgeni hali ugali wala wali. Ndipo alipofikiria mizizi: mboga yenyewe iwe nzito, mtu ashibe bila kumega tonge. Akabandua maganda meusi, akakata vipande vinavyonukia moshi, akakaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu, akatia tangawizi, binzari, nyanya, kisha tui la nazi. Alipoonja, alifumba macho. Ila mchuzi mtupu, usio na nyama, kwa mgeni wa nyumba kubwa hivi? Akaingiwa na shaka.

Felicitas alikuwa anafua bombani. Miaka kumi na miwili alipika na kufua katika nyumba hii. Mwezi uliopita aliambiwa atabaki na kufua tu.

"Da Feli," Sekela akamwita, "nyama nitie vipande vingapi?"

Felicitas alikamua shuka taratibu. "We mboga bila nyama umeionea wapi, mdogo wangu? Ila vipande vitakuharibia sura ya mchuzi. Kuna supu ya mifupa kwenye friji. Tia pawa mbili, ukolee."

"Mungu akubariki, dada."

"Amina."

Mgeni alikuwa Mzee Petro, baba mdogo wa Mama Gibson, mzee mwembamba wa kanisa la Wasabato. Aliomba kwa muda mrefu, akala, akaongezwa.

"Miaka thelathini naletewa kabichi ya kuchemsha kama mgonjwa," akasema, mchuzi kidevuni. "Leo nimekumbukwa. Huyu binti msimwachie."

Mama Gibson akatabasamu. Sekela, aliyesimama mlangoni na jagi la maji, alishaanza kukipanga chumba: kitanda huku, madaftari ya Tusajigwe kule.

"Kweli, babu," akasema Felicitas akiondoa bakuli. "Ile supu ya ng'ombe aliyotia imekolea."

Kijiko kikasimama hewani. Mzee Petro akaitazama sahani yake tupu. Akainuka, akaenda bafuni, na wote wakamsikia akijitapisha, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Si nilikwambia mboga tu!"

"Mama, mboga ndiyo hiyo..."

"Mboga! Majani! Huyu hali nyama!"

"Da Feli ndiye aliniambia nitie."

"Mie?" Felicitas akashika kifua. "Mie ninayemjua babu tangu Gibson anatambaa? Nimejua sasa hivi tu, nilipoikuta supu ya friji imepungua. Mama, nilikwambia, hawa wa Kurasini wakibanwa husema lolote."

Mzee Petro alirudi, macho mekundu, akijishika ukutani. "Mwacheni binti. Kakosea neno, hakukusudia."

"Wewe umesamehe, baba. Mie nimeaibika," akasema Mama Gibson. "Sekela, chukua vitu vyako."

Felicitas ndiye aliyemfungulia geti, sufuria kwapani, mwiko mkononi.

"Nilikukosea nini, dada?"

Felicitas aliulamba mwiko mpaka ukawa mweupe. "Ungepika vibaya ningekuacha," akasema. "Wale wawili waliojaribiwa kabla yako sikuwagusa. Walijifukuza wenyewe."

Komeo likarudi. Simu ya Sekela ikaita, namba ya Tukuyu.

"Mama," Tusajigwe akauliza kabla hata ya kusalimia, "chumba kina dirisha?"

Nyuma ya geti Felicitas alikuwa akikwangua sufuria, kru, kru, kru. Sekela aliifunika simu kwa kiganja, akavuka barabara haraka, mtoto asije akaisikia sauti ile akadhani mama yake yumo jikoni.