Jibu la Stojan

Mwaka wa hamsini na nne Wazungu wawili walikuja kupima maji ya mto Tana. Walipiga kambi juu kidogo ya kijiji chetu cha Ngao, nami Hulda nikawa mpishi wao. Stojan alikuwa Mserbia, Ante Mkroatia. Wametoka nchi moja, Yugoslavia, na lugha yao ni moja, lakini walikuwa wakisemezana kwa Kiswahili cha kuokoteza, cha kuumiza masikio.

"Watu yake naua ndugu yangu wakati ya vita," Stojan aliniambia. "Lugha ya mama yangu hapana ingia masikio yake."

Ante naye alikuwa na wafu wake, waliouawa na watu wa Stojan. Mimi niliona upuuzi. Hata sisi wakulima na Waorma wafugaji tukigombania mto, hutukanana kwa lugha ambayo mwenzio ataisikia vizuri.

Wakati wa masika Stojan akashikwa na homa kali, na mafuriko yakafunga njia ya hospitali. Akawa anaweweseka kwa lugha yao. Akiomba maji, Ante huinuka kabla mimi sijajua kinachotakiwa.

Kwetu mgonjwa haachwi afe na kinyongo. Aliyekosana naye huchukua maji kinywani, akampulizia, akanena neno jema. Nikamweleza Ante, nikampa kikombe. Stojan akamtazama, akamwomba jambo kwa lugha yao, polepole. Ante alielewa, macho yalimjaa machozi. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Mimi hapana sikia wewe," akasema.

Stojan akageukia upande wa pili. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, nami nilimchukia Ante hata nikamuunguzia wali makusudi.

Tulimzika kwenye kinundu kisichofikiwa na maji. Tangu hapo kila asubuhi Ante alikwenda pale na kikombe chake, akapuliza maji juu ya udongo, akasema kwa lugha yao mpaka jua linakuwa kali. Alikonda. Chuki ikanitoka, nikamfuata.

"Aliomba nini siku ile, bwana?"

"Mimi sema tu. Neno yoyote. Yeye nataka sikia lugha ya nyumbani, halafu kufa."

"Basi umeshasema. Amesikia. Njoo ule."

"Mama Hulda, yeye najibu."

Nikautazama ule udongo uliolowa.

"Anajibuje?"

"Kiswahili," Ante akasema. "Kila siku. Yeye nasema, mimi hapana sikia wewe."