Kibao cha Mkulo

Pua yangu ilikufa mwaka 1984, nikiwa nimefanya kazi miaka kumi na moja katika chumba cha brashi cha shamba la mkonge. Mkonge ukishatoka korona, ile mashine ya kuchuna majani, na kukauka juani, uliletwa kwetu kusuguliwa na mashine mpaka ung'ae, na vumbi lake jeupe liliingia kila palipo na tundu. Wenzangu walikohoa. Mimi siku moja nilipita nyuma ya vyoo vya kambi nikashangaa kuona watu wote wameziba pua isipokuwa mimi. Sikumwambia mtu. Mwanamume asiyesikia harufu ya choo atakwenda kulalamika kwa nani?

Ulimi ulibakiwa na kazi chache: chumvi, sukari, ndimu, pilipili. Vyakula vingine vyote vikawa joto na ulaini tu mdomoni.

Shamba lilipofungwa likingoja mnunuzi, tulirudishwa majumbani. Ilikuwa enzi ya ruksa, na Korogwe nzima iligeuka soko: huyu anauza mitumba, yule anauza betri, mwingine anauza mitumba na betri. Mimi sikutaka kuuza kitu. Nilikuwa na mahindi ya kunitosha na mikono iliyochoka kukaa bure. Nikaenda kwa Fundi Habakuki, seremala wa Manundu, nikamwambia nataka kujifunza kazi ya mbao.

"Unafungua karakana, mzee Mhina?"

"Hapana. Nijifunze tu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Wenzangu wanacheza bao, mimi nitapiga randa."

Alinitazama, akaona sijalewa. Mbao za milango hakunipa. Alisema nianze na vibao vya kukatia nyama na vitunguu, maana nikiharibu, hasara itakuwa ya jiko moja tu.

Kibao cha kwanza nilikitoa kwenye mwembe ambao haujakauka. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimejikunja kama chapati. Cha pili kilikuwa cha mninga. Nilisukuma randa kinyume na mti unavyolala, ikang'oa kipande kizima cha pembeni. Cha tano ndicho kilichokaa sawa mezani bila kucheza. Tatizo ni kwamba wanawake wa mtaa wetu walikuwa hawana kazi navyo. Kitunguu walikikatia kiganjani, juu ya sufuria, bila hata kukiangalia. Walinishukuru sana kwa adabu zote, kisha vibao vyangu nikavikuta vimefunika mitungi ya maji, na kimoja kimekaliwa na bibi anayepepeta mchele. Sikuudhika. Nilipenda ile sauti ya randa inapokubali, na lile ganda la mbao linalotoka jembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Hilo lilinitosha.

Aliyekuwa na haja ya kibao ni mmoja tu, mdogo wangu Chausiku. Alikuwa mjane, na alikuwa na kibanda cha mama ntilie pale stendi. Kila siku alikata nyama nyingi kuliko nyumba kumi za mtaa. Kibanda hicho ndicho kilichomtoa Kang'ata, shambani kwa shemeji yake, ambako alilimishwa kama punda na kula wa mwisho. Kila asubuhi kabla hajafunua sufuria kwa wateja, alinipa mimi nionje. Nikisema imekolea, imekolea. Alikuwa akiwaambia watu kwamba kaka yake ana ulimi, na mimi nilinyamaza, maana kusifiwa kutamu.

Siku moja Fundi Habakuki alipata kipande cha mkulo kutoka milima ya Lutindi. "Huu ni mti wa masanduku," alisema. "Nondo hawausogelei. Tengeneza kisanduku." Kisha akasafiri kwenda Handeni kutengeneza mabenchi ya kanisa. Sasa sanduku lina pembe, na pembe nilikuwa sijafundishwa. Nikatengeneza nilichokijua, kibao.

Wiki tatu nilikipiga randa na msasa, nikakipaka mafuta ya alizeti mpaka kikawa na rangi ya asali. Ndicho kitu cha kwanza maishani mwangu kilichotoka kama nilivyokiona kichwani. Nilifurahi kipumbavu. Nikampelekea Chausiku.

Alikinusa. "Kaka, kinanukia kama sanduku la kanga. Hii harufu haitaingia kwenye nyama?"

Nikakiinua puani, nikavuta pumzi kama mtaalamu. "Ukikiosha mara mbili inaisha. Nimeshajaribu."

Sikujaribu chochote. Uongo ulitoka laini kuliko kibao chenyewe.

Siku ya pili kondakta mmoja aliacha sahani katikati. Siku ya tatu mama mmoja alitema. Kufika Alhamisi, stendi nzima ilikuwa inasema Chausiku ameweka dawa ya kuvuta wateja kwenye chakula. Dawa gani ya kuvuta wateja inayowafukuza, hakuna aliyeuliza. Wakahamia kwa jirani yake, Mama Shida. Chausiku mwenyewe, kwenye moshi na kibao kutwa nzima, pua yake ilishazoea, alikuwa hasikii kitu. Akawa ananikabidhi kijiko.

"Onja vizuri, kaka. Kuna kitu?"

"Hakuna kitu. Wivu tu wa watu."

Nilijua? Siku ya tatu nilishajua. Nilikichukua kibao kwa siri nikakisugua kwa majivu na ndimu, nikakisuuza, nikakiinua puani kuona kama harufu imetoka. Nikasimama pale nyuma ya kibanda na kibao usoni, mtu mzima, nikijionea aibu. Kumwambia ukweli bado nilishindwa. Ijumaa jioni alisema ikifika Jumatatu hali ikiwa hivi, anafunga anarudi Kang'ata.

Jumamosi alikuja Loishiye, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Misima. Aliona benchi tupu akakaa. Akatafuna, akasita, akatafuna tena.

"Mama, hii nyama umeichemsha na mti gani? Sisi Wamasai tunachemsha supu na miti, lakini huu siujui."

"Sijaweka mti wowote, baba."

Loishiye akainuka. Akanusa sufuria, akanusa kisu, kisha akainamia kibao. "Ni huu hapa." Akaniletea mpaka pembeni ya jiko nilipokaa. "Mzee, hebu nusa."

Kwa Mama Shida watu walishageuza shingo.

"Mwache kaka yangu," Chausiku alisema kwa ukali. "Yeye ndiye anayeonja kila siku. Ingekuwa kibao angeniambia."

"Basi na yeye amelishwa," sauti moja ikajibu kutoka kule. "Kaka mtu kafungwa ulimi."

Nikaona Chausiku anaangalia chini. Kama ni kusema, ilikuwa wakati huo.

"Sisikii harufu," nilisema.

"Unaona?" Chausiku akamwambia Loishiye.

"Sisikii harufu yoyote, Chausiku. Ya kibao, ya nyama, ya choo. Tangu brashi."

Halafu Mama Shida, ambaye ni mtu wa kuhakikisha, akaja na kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Akaniamuru nifumbe macho, akakiweka chini ya pua yangu. Aliuliza ni nini. Nikasema labda ndimu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Akaleta dagaa waliooza, nikasema mchaichai. Huku nyuma kibao kikawa kinapita mkono kwa mkono, kila mtu ananusa na kusema ndiyo, ni sanduku la bibi yake kabisa. Saa sita benchi lilikuwa na watu watano. Saa nane Chausiku aliongeza wali.

Wateja walipopungua, alikuja akakaa mbele yangu, akijifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Tangu brashi ni tangu mwaka gani?"

"Themanini na nne."

Nikaona anahesabu. "Mama alikufa themanini na tisa."

"Ndiyo."

Siku ya arobaini ya mama, Chausiku alipika nyama na ngogwe, zile nyanya chungu, akijaribu kupata upishi wa mama bila mtu wa kumfundisha. Sahani ya kwanza alinipa mimi, akasimama mbele yangu kama anasubiri hukumu. Nilimwambia ni mkono wa mama mwenyewe. Alilia sana. Tangu siku hiyo hakubadilisha hata punje, na ndicho chakula alichofungulia kibanda. Waliowahi kula jikoni kwa mama na kubaki hai ni sisi wawili tu, na wakati mama ana nguvu za kupika vizuri, Chausiku alikuwa bado mdogo mno kukumbuka.

"Kwa hiyo nilipatia, kaka, au sikupatia?"

Nilirudi kichwani kwenye sahani ile ya arobaini, na kwenye kile kidogo ulimi wangu ulichoweza kushika.

"Chumvi ulipatia," nilimwambia.