Majani ya Kufunikia Sato

Dorotea akikosea hukosea kwa sauti kubwa, na sisi wauza samaki wenzake tuna ugonjwa wa kumwitikia. Safari hii tumeitikia aibu.

Gugu lililovamia mwalo wetu, ufuko wa ziwa tunaposhushia samaki, si lile la maua ya zambarau tunalolijua tangu utoto. Hili lina vijani vidogo vyenye manyoya. Ukilizamisha, linaibuka kavu. Adventina, afisa uvuvi, alituonyesha namna ya kulitambua, akatuingiza majini na nyavu kuukuu. Tukalizoa na kulianika mbali na ziwa ili likikauka tulichome. Akatuonya kwamba kipande kimoja kikirudi majini tumefanya kazi bure, na kwamba lazima tujue linatokea wapi.

"Linatoka kwenye mtumbwi wa Nestory!" Dorotea akadakia. "Si ndiye anayevua upande wa Magu, lilikojaa? Asishushe samaki hapa tena!"

Nestory ni mkwe wake, mume wa bintiye Queen. Kwetu Wasukuma mwanaume hajibizani na mama mkwe. Hata kumkazia macho ni kumvunjia heshima. Akainamisha kichwa, akajibanza nyuma ya wenzake. Sisi, tunaoijua mila hiyo vizuri, tukajifanya tumeisahau. Tukasema kimya chake ndicho ushahidi, tukamfukuza mwaloni.

Kesho yake Nestory alikuja na Queen kuchukua nyavu zake. Dorotea ndiyo kwanza alikuwa anashuka mtumbwini akitoka kununua samaki Magu, na tenga la sato, kawafunika kwa majani mabichi ya ziwani wasipate joto, kama tufanyavyo sote. Akawahamishia kwenye beseni, akalikung'uta tenga majini kulisuuza. Majani yaliyosinyaa yakatawanyika, yakafunguka, yakaelea. Vijani vidogo vyenye manyoya.

 Dorotea akaanza kuyakusanya kwa pindo la kanga, haraka haraka, kama mtu aliyemwaga uji mbele ya wageni. Nestory aliona. Akageuza uso, akatupia nyavu begani na kuondoka.

"Mama, acha," Queen akasema taratibu. "Jana Adventina alipoyaonyesha, Nestory aliyatambua palepale kuwa ni ya kwenye tenga lako. Akanikataza nisiseme. Anasema bora afukuzwe yeye kuliko mama mkwe aaibike mbele za watu."

Dorotea alisimama majini, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Mwisho akatuita. Ile sauti yake haikutoka. Ilibidi tusogee karibu ndipo tusikie.

"Gugu nimelileta mimi na majani yangu. Nestory hana kosa. Mkimbilieni arudi."

Akatutazama, akingoja tuitikie kama siku zote. Hakuna aliyeitikia. Kila mmoja alikuwa anasogeza tenga lake nyuma ya miguu, nami nilikuwa wa kwanza.