Kidole Kwenye Ukurasa wa Saba

Mdomo wa mama mkwe ulishafika ukurasa wa nane. Kidole chake bado kilikuwa kinatambaa ukurasa wa saba, kwa madaha, wala hakikuwa na haraka.

Mwalimu aligundua hilo tangu mwezi wa pili wa masomo. Darasa la watu wazima la hospitali liko chumba cha nyuma ya sehemu ya kufulia, wanafunzi kumi na mmoja wanaonukia sabuni, na mbele kabisa hukaa mama wa mumewe, mfua mashuka. Amekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake. Angemwambiaje? Mchana ni mwanafunzi, jioni ndiye mwenye nyumba. Umuumbue mbele za watu, halafu ukalale wapi? Basi mwalimu akaufyata, akampa alama nzuri muhula baada ya muhula.

Leo matroni amekuja na fomu. Stoo ya dawa inataka mtu wa kupeleka chupa wodini, mtu anayeweza kusoma lebo.

"Mama anasoma kama redio," alisema matroni. "Wewe weka sahihi tu, mwalimu."

Mama mkwe akatabasamu hadi jino la mwisho. Miaka ishirini na miwili ya mashuka ya watu ilikuwa inamtoka mgongoni. Mwalimu akashika kalamu. Akisaini, siku moja mgonjwa atanyweshwa dawa ya kuchua. Asiposaini, jioni ataingia nyumba ya nani? Mlango ulikuwa wazi, lakini yeye pa kutokea hakupaona.

Mwishowe akatoa mkobani chupa ya dawa ya kikohozi ya mwanawe.

"Samahani, mama. Nisomee hapa."

Mama mkwe akaipokea, akaigeuza, akaweka kidole kwenye lebo. Kisha, kwa sauti ile ile tamu, akasoma habari za mkulima na ng'ombe wake, ukurasa wa kwanza wa kitabu. Katikati akaondoa kidole kwenye lebo.

Hakuna aliyecheka. Matroni alichukua fomu yake akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

"Umejua lini?" akauliza mama mkwe.

"Mwezi wa pili, mama. Niliogopa kukuaibisha."

Mama mkwe aliirudisha chupa mezani taratibu.

"Kila siku nilikuwa najiambia, leo atanikamata, anifundishe," alisema. "Mwaka mzima nimekungoja, mwanangu."