Jani Lisilo na Jina

Shemeji yangu Lysander Poole alikuwa akiandika juu ya misitu na mabwawa ya huku kwetu Massachusetts, na watu walimpenda kwa namna yake ya kuandika: ataanza na mdudu kwenye gome la mti, na kabla ukurasa haujaisha ameshakufikisha kwa Mungu. Dada yangu Thirza, mkewe, alijivunia sana jambo hilo, mpaka majira ya baridi yale homa ya koo ilipomchukua binti yao, Phebe. Alikuwa na miaka minne.

Lysander hakulia mazikoni. Alishinda msituni, akirudi na matope hadi magotini, kisha anaandika. Mwezi Machi wakamwalika asome makala yake mpya kwenye ukumbi wa mji. Mimi na Thirza tuliketi mbele, karibu na jiko la kuotea moto.

Alisoma vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisimulia asubuhi aliyotoka peke yake, akaona jani dogo limeganda ndani ya barafu ya bwawa. Hakuna kinachopotea, alisoma; mti hauombolezi jani lake, maana mti na jani na udongo ni roho moja. Watu walifuta machozi, wakapiga makofi. Thirza alibaki amejikunyata ndani ya shali yake.

Tulipofika nyumbani kwao, hata kofia hajavua, Thirza akamwuliza mumewe, "Lile jani ni Phebe?"

"Ndiyo."

"Jina lake liko wapi?"

"Mke wangu, uandishi wangu haukubali jina. Nikisema Phebe, watamwona mtoto wa Poole tu. Nikisema jani, kila mtu atamwona wa kwake."

"Mimi namtaka wangu! Halafu eti peke yako? Tulikuwa wawili, Lysander. Nilipiga magoti kwenye ile barafu nikashindwa kuinuka, ukanivuta mkono."

Kesho yake Thirza akahamia kwangu.

Lysander alimfuata wakati tunachemsha utomvu wa mishira, ile miti yenye maji matamu, kupata sukari. Alisimama mlangoni pa jikoni, amekonda.

"Alikuwa anaogopa mabata bukini," alisema. "Alikuwa akiwaona, anajificha ndani ya koti langu, anasema, 'Baba, waambie sipo.'"

Thirza alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Lysander naye akalia, kwa sauti, kama mtu anayetapika.

"Hayo ndiyo ungeyasema pale ukumbini," dada alimwambia.

"Sauti ingekatika, Thirza."

"Ingekatika tu. Ningepanda jukwaani nikushike."

Thirza alimkaribisha chakula, wakala maharage. Nilidhani wataondoka pamoja. Lakini Thirza alimsindikiza hadi kwenye uzio, akamfunga skafu vizuri shingoni, akarudi ndani peke yake.

"Namhurumia," aliniambia. "Ila siwezi kulala nyumba moja na lile jani."