Ukurasa wa Kumngojea Baba

"Sifungi, Mama. Nimeshasema."

"Hapa mimi si mama yako. Hapa mimi ni mwalimu."

"Basi sifungi, Mwalimu."

Kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia. Wanafunzi wengine ishirini na saba walikuwa wametoka, kila mmoja amemaliza zoezi la siku: kuingia kwenye mipangilio ya ukurasa wake mtandaoni na kuufunga, usionwe na mtu asiyemjua. Zoezi la dakika tano. Aliyebaki mbele ya kompyuta ya mwisho, kando ya dirisha, ni huyu mmoja wa kumzaa mwenyewe, miaka kumi na tano, mikono kaikunja kifuani kama askari wa getini.

Mama alikuwa akifundisha kompyuta mwaka wa sita sasa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Pasiwedi, wakidhani hajui. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliwaambia watoto wa watu kwamba kuandika namba yako ya simu mtandaoni ni sawa na kujibandika tangazo mgongoni halafu ukakatiza sokoni. Aliyetumia jina lake mwenyewe kuwa neno la siri alimsimamisha, akamuuliza kama na mlango wa kwao wanaufunga kwa uzi. Watoto walicheka, lakini walishika. Leo wa kwake ndiye aliyemgomea, tena mbele ya darasa zima, na masikio yalikuwa bado yanamwaka moto.

Akavuta kiti, akakaa, akachukua kipanya.

Ukurasa ulikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Jina kamili. Shule. Mtaa. Namba ya simu. Picha ya geti la nyumbani, rangi na kutu zote zinaonekana. Chini yake, habari moja baada ya nyingine kwa miaka miwili: kwamba baba yake alimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza, kwamba kovu la gotini alilipata siku alipojifunza baiskeli ya kijani, kwamba baba akila mkate huanza na ganda. Mtoto alikuwa ameyaanika maisha yake yote, kila kitu kwenye kamba yake.

"Haya yote umemwandikia nani?"

Binti alitazama vitufe vya kompyuta. "Baba. Akinitafuta, anione. Nikifunga atajuaje kama ni mimi?"

Mama aliachia kipanya.

Baba wa mtoto alikuwa fundi wa majokofu. Miaka minne iliyopita alifuata kazi ya kujenga vyumba vya baridi, mbali, miezi sita tu. Miezi sita ikazaa mingine. Kila Jumapili alipiga simu na kuahidi, naye alikuwa na ulimi mtamu. Angeweza kukueleza jinsi jokofu lisivyotia baridi bali linavyotoa joto, ukamsikiliza saa nzima mboga zikiungua. Halafu simu zikakoma. Binti alipouliza, mama alibadilisha mazungumzo. Swali likafa hapo, au ndivyo mama alivyojidanganya.

"Na amenipata," binti alisema.

"Nani kakupata?"

"Baba. Ananiandikia wiki ya pili sasa."

Mama akamwambia afungue ujumbe. Mtu huyo hakuwa na picha yake, alikuwa na picha ya maua. Alimwita binti Chiriku wangu. Alisema simu yake mbovu, haiwezi kupiga. Alitaka waonane Jumamosi saa kumi, nyuma ya kituo cha mabasi, na asimwambie mama yake kwa sababu mama yake atavuruga kila kitu.

Kitu cha kwanza kilichomjia ni kung'oa waya ukutani. Alijizuia. Akimnyang'anya, Jumamosi mtoto ataondoka tu, tena kwa siri zaidi. Akapiga moyo konde na kusema kwa sauti ileile ya darasani:

"Nitajie jambo moja alilokwambia ambalo hukuliandika wewe mwenyewe."

"Anajua Chiriku."

Mama alishusha ukurasa, akaonyesha kwa kidole. Lilikuwa pale.

"Kovu langu."

Lile pale.

"Baiskeli ya kijani. Na mkate."

Vyote viwili vilikuwa pale, baiskeli na mkate. Binti alichukua kipanya mwenyewe. Akawa anasoma ujumbe mmoja wa yule mtu, kisha anarudi kwenye ukurasa wake kutafuta jambo lile, na kila alilolitafuta alilipata. Mwanzoni alikwenda mbio. Baadaye akawa anasoma polepole, kama mtu anayetembea gizani na kugusa ukuta. Mama hakumharakisha.

"Labda mengine kayasahau," binti alisema mwishoni, karibu kwa kunong'ona. "Ni miaka minne, Mama."

Hapo ndipo mama alipoona kwamba mwanawe alikuwa tayari kumkubali hata baba wa uongo, mradi awepo mtu wa kumwita jina lile. Hakuna somo alilowahi kuliandaa kwa jambo hilo.

"Huyu si baba yako."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu baba yako angeanza kwa kuuliza kwa nini hatupati kwa simu. Namba yako mpya nilimnyima. Na yangu hawezi kuipigia, nilimzuia. Njia zote nilizifunga mimi."

Uwanjani mtu alikuwa akifagia. Binti aligeuza kiti, akamkabili mama yake.

"Nilidhani amenichoka."

"Mara tatu alisema anakuja," mama alisema. "Mara tatu ukavaa viatu vya kutokea, ukakaa kizingitini tangu asubuhi. Mara ya tatu nilikuvua viatu hivyo mimi, na miguu ilikuwa imevimba. Nikasema basi."

"Ungeniacha nimngoje."

Mama hakumwambia kwamba naye alimngoja. Kwamba siku nyingine, akiwa peke yake chumba cha walimu, alifungua orodha ya namba alizozizuia na kuitazama ile moja kama mtu anayechungulia nyumba aliyowahi kuishi. Kwamba alikuwa na hamu ya kusikia habari za joto na baridi, hata mboga ziungue zote.

"Nilikosea," alisema. Neno hilo lilikuwa geni kinywani mwake, akalitema zima. "Sasa sogea tufanye kazi."

Alimwonyesha asifute chochote kwanza. Wakapiga picha ya kila ujumbe wa yule mtu, mama akazituma palepale kwa mkuu wa shule na kumpigia azipeleke polisi. Kisha binti akamzuia mtu wa maua. Baada ya hapo, bila kuambiwa, akaingia kwenye mipangilio: akatoa namba, akatoa geti, akatoa mtaa. Akafika kwenye kitufe cha kufunga, akasita.

"Nikifunga hivi, basi tena?"

"Funga hilo. Lingine nalifungua mimi."

Binti akafunga. Mama akatoa simu yake, akafungua orodha, akabonyeza ile namba na kuiondolea kizuizi. Lilikuwa jambo la kidole kimoja. Miaka yote ile, kidole kimoja.

"Akipokea mtu mwingine?"

"Tutamtafuta kwa jina lake, kazi yake na kampuni zinazojenga vyumba vya baridi, moja baada ya nyingine. Kutafuta mtandaoni nako nafundisha, ila nyie mnanisikiliza mkitaka."

"Na akipokea yeye?"

Mama alijikuta akiweka sawa kilemba chake, akajiona, akashusha mkono. Akabonyeza kupiga, akawasha spika, akaiweka simu mezani katikati yao.

"Utaanza wewe kuongea," alisema. "Mimi nitafuata."

Simu ikaanza kuita.